Fisi Maji Yatima: Kumwokoa Si Kumfuga



Muhula uliopita gazeti letu lilitufundisha ufugaji wa kuku. Muhula huu naomba nafasi nieleze habari za mnyama asiyefugwa, naye ni fisi maji. Nitaeleza ni mnyama gani, mtoto wake huwaje yatima, watu wenye ujuzi humlea namna gani, na kwa nini kazi yote hiyo huharibika mlezi akisahau jambo moja.

Jambo lenyewe ni hili: kumwokoa mtoto wa mnyama wa mwituni maana yake ni kumrudisha mwituni akiwa aweza kujilisha na kujilinda. Mtu amtoaye mtoni akamweka nyumbani maisha yake yote amembadilishia kifo kwa kifungo.

Nimechagua somo hili kwa sababu shule yetu ni ya bweni. Hapa Masaki tuko mbali na ziwa kubwa lolote, lakini darasani kwetu wamo wenzetu waliotoka Rufiji, Kilombero, Ukerewe na Kigoma. Likizo ikifika kila mtu hurudi kwao, na wengi wetu kwao kuna mto, bwawa au ziwa. Huko ndiko kijana hukuta mtoto wa mnyama akilia majanini, akavua shati lake akamfunika, akaenda naye nyumbani. Huruma hiyo ni njema. Lakini huruma isiyo na elimu yaweza kuua sawasawa na rungu, tena pole pole zaidi.

FISI MAJI NI MNYAMA GANI?

Jina lake lisitudanganye. Fisi maji si fisi, wala hana udugu wa karibu naye. Yeye ni wa jamaa moja na nyegere na kicheche. Mwili wake ni mrefu, miguu mifupi, kichwa bapa, masikio madogo, na mkia wake ni mnene shinani na mwembamba nchani. Ana masharubu mengi, nayo humsaidia kuhisi mwendo wa windo katika maji ya matope ambamo macho hayafui dafu.

Hapa Tanzania tunao wa namna mbili. Wa kwanza ni fisi maji mwenye madoa shingoni. Huyu ni mdogo, uzito wake kilo 3 hadi 6 hivi. Ana utando kati ya vidole, ana kucha, na kooni ana mabaka meupe. Chakula chake kikubwa ni samaki wadogo, naye huwinda kwa macho, kwa hiyo hupenda maji maangavu. Ziwa Victoria ni mojawapo ya makao yake. Mwenzangu wa Ukerewe ameniambia kuwa kwao wavuvi humwona mchana, akicheza kando ya miamba. Mwaka 1963 mtaalamu aitwaye J. Procter alichapisha katika jarida la wanyamapori la Afrika Mashariki makala juu ya maisha ya mnyama huyu katika Tanganyika. Kwa hiyo somo hili si geni katika nchi yetu.

Wa pili ni fisi maji asiye na kucha. Huyu ni mkubwa zaidi. Mzima hupita kilo 10, na wengine hukaribia 20. Vidole vya mikono yake havina kucha wala utando, naye huvitumia kama mtu atafutaye sarafu gizani: hupapasa chini ya mawe na ndani ya tope, humkamata kaa au chura, kisha humtia kinywani kwa mkono. Magego yake ni mapana, yanafaa kusaga gamba la kaa. Huyu huishi katika mito, mabwawa na vinamasi, na pengine hata ufukoni mwa bahari, mradi karibu pawe na maji matamu ya kunywa na ya kuoshea chumvi mwilini.

Namna hizi mbili zinafanana katika jambo moja ambalo mlezi hana budi kulikumbuka. Fisi maji hana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi kama nyangumi. Joto lake hulindwa na manyoya yake mazito pamoja na hewa inayonaswa ndani yake. Manyoya yakichafuka kwa mafuta au uchafu, au yakilowa mpaka ngozini, mnyama huyu hupata baridi hata katika nchi ya joto kama yetu. Ndiyo maana mara atokapo majini hujisugua majanini na kujisafisha kwa bidii.

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limewaweka wote wawili katika daraja la wanyama wanaokaribia kuingia hatarini.

MTOTO HUWAJE YATIMA?

Mama hubeba mimba muda wa miezi miwili hivi, huzaa mtoto mmoja hadi watatu, akawaficha katika shimo la ukingoni, chini ya mizizi, au katikati ya matete. Watoto huzaliwa macho yamefumba, hawawezi kitu. Mama akifa, na watoto wamekwisha.

Vifo vya mama husababishwa zaidi na sisi binadamu. Kwanza ni nyavu na mitego. Fisi maji hupumua hewa kama sisi. Akinasa katika wavu wa kutega, au akiingia ndani ya mgono akimfuata samaki, hufa maji baada ya dakika chache. Pili ni mbwa wetu. Tatu ni kulima mpaka ukingoni mwa mto na kuchoma matete, maana hapo tunabomoa nyumba yake na watoto wamo ndani. Nne ni kuuawa kwa makusudi, ama kwa ngozi yake, ama kwa kuwa ameiba samaki.

Hiyo sababu ya mwisho si ndogo, na haifai kuisemea mbali na mtoni. Likizo iliyopita nilimwuliza mjomba wangu, ambaye hutega migono katika Mto Ruvu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba."

"Ukimkuta fisi maji kwenye mgono wako, wafanyaje?"

"Kwanza nitautazama mgono. Ukiwa umetoboka, siku hiyo watoto wangu watakula ugali kwa mchicha. Basi unadhani nitamwimbia?"

"Na ukimkuta mtoto wake?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mtoto hana deni na mimi. Lakini sijui nimpeleke wapi."

Maneno ya mjomba yana mambo mawili ya kutafakari. La kwanza, hasara ya mvuvi ni hasara ya kweli, na anayemhubiria huruma bila kuitaja hasara hiyo hatasikilizwa. Kuna dawa yake. Nchini Uingereza mitego ya kuvulia mikunga hutiwa kizuizi mdomoni, chenye nafasi ya kumpitisha samaki lakini isiyoweza kumpitisha fisi maji. Kizuizi cha namna hiyo chaweza kusukwa kwa fito na kamba hata kwetu. Mgono hautoboki, na mama hafi maji. La pili ni lile swali lake: nimpeleke wapi? Nitalijibu mwishoni.

JE, NI YATIMA KWELI?

Kabla ya kumgusa mtoto wa fisi maji, yatupasa kuuliza kama kweli ni yatima. Mama huwaacha watoto shimoni akaenda kuwinda. Pengine huwahamisha kutoka shimo moja kwenda jingine, mmoja baada ya mwingine kwa mdomo, na yule anayengoja zamu yake huonekana kama ametupwa. Mtu akimchukua wakati huo, amemfanya yatima kwa mikono yake mwenyewe.

Basi kanuni ni kusogea mbali, kuwafunga mbwa, kunyamaza, na kuangalia kwa saa kadhaa. Mtoto mwenye afya ambaye yumo shimoni, mkavu, na ametulia, aachwe. Dalili za yatima ni hizi: mama yake ameonekana amekufa, au mtoto amekaa nje muda mrefu akilia kwa sauti kali kama mluzi, wala hakuna anayemjibu, au mwili wake umelowa na umekuwa baridi, au ana jeraha, au nzi wamemzingira. Hapo ndipo msaada unapohitajika, tena upesi.

SIKU ZA KWANZA

Sasa nieleze walezi wenye ujuzi wafanyavyo. Sielezi haya ili msomaji akayafanye chumbani kwake, bali aelewe kwa nini kazi hii si ya mtu yeyote tu.

Jambo la kwanza ni joto, si chakula. Mtoto aliyepoa tumbo lake halisagi kitu. Ukimmiminia maziwa yatachacha tumboni, au yatampalia na kuingia mapafuni, naye atakufa. Kwa hiyo hukaushwa kwanza, huwekwa ndani ya sanduku lenye nguo laini, mahali penye giza na utulivu, na hupashwa joto pole pole.

Jambo la pili ni maji. Mtoto aliyekosa kunyonya huwa amekaukiwa. Mganga wa wanyama humpa maji yenye chumvi maalumu kwa kipimo, kabla ya kuanza maziwa.

Jambo la tatu ni maziwa yenyewe. Hapa wengi hukosea kwa nia njema. Maziwa ya ng'ombe yana sukari nyingi ya namna ambayo tumbo la mtoto wa fisi maji haliiwezi, humharisha, na kuhara humkausha zaidi. Walezi hutumia maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa au wa paka. Humnyonyesha akiwa amelala kifudifudi kama anyonyavyo kwa mama yake, wala hawamlazi chali kama mtoto wa binadamu, asije akapaliwa. Akiwa bado mchanga kabisa hawezi hata kujisaidia peke yake. Mama yake humlamba sehemu za chini ili ajisaidie. Mlezi hufanya kazi hiyo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kila baada ya kumlisha, mchana na usiku.

Jambo la nne ni kumtenga na mbwa na paka, maana magonjwa yao huweza kumwua. Na mlezi naye hujikinga, kwa sababu fisi maji huuma, na kuumwa na mnyama wa mwituni kwataka kwenda hospitali siku ile ile kwa hofu ya kichaa cha mbwa.

SHULE YA MTONI

Watu wengi hudhani kwamba fisi maji huzaliwa akijua kuogelea. Sivyo. Mtoto huogopa maji, na mara nyingi mama ndiye humvuta aingie. Manyoya yake ya utotoni hayazuii maji vizuri, kwa hiyo mlezi akimtupa bwawani mapema aweza kumwua kwa baridi. Huanza na karai la maji machache, kwa dakika chache, kisha hukaushwa. Baadaye hupewa dimbwi, na mwisho bwawa lenye kina.

Kisha yafuata masomo ya kuwinda. Mwanzoni hupewa vipande vya samaki, halafu samaki mzima aliyekufa, halafu samaki hai katika maji machache, halafu katika maji mengi ambamo samaki ana mahali pa kujificha. Yule asiye na kucha hufundishwa pia kwa kuwekewa kaa chini ya mawe ili ajifunze kupapasa. Hakuna mwalimu wa kumwelekeza kwa maneno. Njaa na mazoezi ndiyo walimu wake, na kazi ya mlezi ni kumpa nafasi ya kujaribu.

Masomo haya hayamaliziki kwa mwezi mmoja. Fisi maji wa Ulaya hukaa na mama yake karibu mwaka mzima, na kwa sababu hiyo vituo vya Uingereza huwatunza yatima miezi 12 au zaidi kabla ya kuwaachia. Fikirini gharama ya samaki wa mwaka mzima kwa mnyama asiyeshiba upesi! Na inapowezekana yatima wawili huwekwa pamoja, maana mwenziwe ndiye atakayemfundisha kucheza, kupigana na kukimbia, mambo ambayo binadamu hawezi kumfundisha.

MAPENZI YANAYODHURU

Sasa nimefika kwenye lile jambo moja nililolitaja mwanzo. Mtoto wa mnyama hujifunza ni nani jamaa yake kwa kumtazama anayemlisha. Akilishwa na mtu, akabebwa na mtu, akalala na mtu, atajiona ni wa watu. Siku ya kuachiwa atarudi kijijini kutafuta jamaa zake, na kijijini kuna marungu na mbwa.

Mfano wa kwanza ni wa fisi maji mwenyewe. Mwandishi wa Uskoti aitwaye Gavin Maxwell alifuga fisi maji nyumbani kwake Sandaig, kando ya bahari. Wa kwanza kujulikana sana alitoka Iraki; alizoea watu hata hakuwaogopa, na mwaka 1957 aliuawa na mtu aliyemkuta barabarani. Baadaye Maxwell alipata mwingine, jike aitwaye Edal, ambaye alikuwa fisi maji asiye na kucha kutoka Afrika Magharibi, aliyelelewa na watu tangu utoto. Kitabu cha Maxwell cha mwaka 1960 kiliwafanya watu wengi duniani wampende mnyama huyu, na hilo ni jambo jema. Lakini Edal alipokua alikuwa na nguvu na wivu. Alimwuma kijana Terry Nutkins, aliyekuwa akimtunza, akampotezea ncha za vidole viwili. Tangu hapo Edal alifungiwa, asiweze tena kutembea na watu wala kurudi kwa fisi maji wenzake. Mwaka 1968 nyumba iliungua, naye akafa motoni. Hakuwa na kwao Afrika, wala hakuwa na kwao Uskoti.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu Kenya. Bibi Daphne Sheldrick alilea yatima wa tembo katika hifadhi ya Tsavo. Kwa miaka mingi tembo wachanga sana walikufa mikononi mwake, kwa sababu mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayakuwafaa. Mwisho akagundua kuwa mafuta ya nazi ndiyo yanayowafaa. Sisi watu wa Pwani tusikie hilo kwa furaha! Mwaka 1974 kwa njia hiyo alimlea mtoto wa tembo aitwaye Aisha, akanawiri kwa miezi kadhaa. Kisha Bibi Sheldrick ikambidi asafiri siku chache kwa arusi ya binti yake. Aisha, ambaye hakumjua mlezi mwingine, alikataa kula akafa. Hakufa kwa kukosa maziwa. Alikufa kwa kuwa mapenzi yake yote yalikuwa yamefungwa kwa mtu mmoja. Tokea hapo, katika kituo kilichoanzishwa kwa jina la marehemu mumewe mwaka 1977, walezi hubadilishana zamu, hata usiku, na yatima hukaa kundini. Wakikua hupelekwa Tsavo, ambako hukutana na tembo wa mwituni na kujiunga nao wapendapo, bila kulazimishwa.

Mfano wa tatu ni simba Elsa. Mwaka 1956 Bwana George Adamson, aliyekuwa Bwana Nyama kaskazini mwa Kenya, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akakuta ana watoto watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alilelewa na Adamson na mkewe Joy, wakamfundisha kuwinda, wakamwachia. Jaribio la kwanza lilishindikana, la pili huko Meru likafaulu, naye akazaa watoto watatu. Elsa alikufa kwa ugonjwa mwaka 1961. Watoto wake wakaanza kusumbua mifugo ya watu, ikabidi wakamatwe na kuhamishiwa Serengeti, katika nchi yetu. Tunajifunza nini? Kwamba kurudi kunawezekana, lakini kwahitaji kazi nyingi, na kwamba majirani wa mahali anapoachiwa mnyama nao wana haki ya kufikiriwa.

KURUDI NYUMBANI

Tanzania pia tunao mfano wetu. Katika Ziwa Victoria kiko Kisiwa cha Rubondo, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, na fisi maji wenye madoa shingoni wanaishi katika maji yake. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliletwa hapo kutoka Ulaya, ambako walikuwa wamefungwa katika bustani za wanyama na mahali pengine. Waliachiwa msituni. Madume wawili waliowashambulia watu walipigwa risasi. Hiyo ndiyo hasara ya mnyama aliyezoea watu. Lakini waliobaki walijifunza matunda ya msitu, wakajenga viota vyao, wakazaa. Wajukuu zao wako Rubondo hata leo, nao ni sokwe wa mwituni kabisa. Waliweza kwa sababu kisiwa kilikuwa na msitu mzima na hakikuwa na mashamba ya kuvamiwa.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa kuliko yote. Mnyama hurudi mahali palipobaki. Nchini Uingereza dawa za kuulia wadudu, hasa dieldrini, zilizotumika mashambani tangu miaka ya 1950, ziliingia mitoni, zikaingia katika samaki, na fisi maji wakapotea karibu kote katika England. Chama kiitwacho Otter Trust, kilichoanzishwa mwaka 1971, kilizalisha fisi maji na kuanza kuwaachia mitoni mwaka 1983. Kazi hiyo ilisaidia. Hata hivyo sababu iliyo kubwa zaidi ni kwamba dawa zile zilipigwa marufuku na mito ikasafishwa. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa fisi maji wameonekana tena katika kila jimbo la England. Kama mito ingebaki na sumu, hakuna idadi ya yatima ambayo ingetosha.

Na sisi je? Maji ya Mto Ruvu husafishwa katika mitambo ya Ruvu Juu, iliyojengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini, iliyojengwa mwaka 1976, yakanywewa Kibaha na Dar es Salaam. Mtu avuaye kwa utupa au kwa sumu ya dukani, aoshaye pampu ya dawa mtoni, alimaye mpaka ukingoni hata tope likajaa, humnyima fisi maji chakula chake, na hututilia uchafu katika glasi zetu. Mto wa fisi maji na mto wetu ni mmoja.

TUFANYE NINI?

Wako watakaouliza: "Kuna watoto wa binadamu walio yatima, nanyi mwaandika juu ya fisi maji?" Swali hilo ni la haki, nami niliulizwa bwenini. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya msaada huu haigharimu hata senti. Kumwacha mtoto asiye yatima, kumfunga mbwa, kusuka kizuizi cha mgono, kutotia sumu mtoni: katika haya yote hakuna chakula kinachotolewa mdomoni mwa mtoto yeyote. Badala yake samaki huongezeka, na maji huwa safi kwa kila mtu.

Sasa nalijibu swali la mjomba. Ukimkuta mtoto wa fisi maji ambaye kweli ni yatima, mtoe hatarini, mweke ndani ya sanduku lenye matundu na nguo kavu, mahali penye kivuli na kimya. Usimpe maziwa ya ng'ombe. Usimzungushe kijijini aonekane, wala usimpe mtoto mdogo amchezee. Peleka habari mara moja kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya, ambaye wazee wetu bado humwita Bwana Nyama, au kwa ofisi ya kijiji ili impelekee habari hiyo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata wala kumweka mnyama wa mwituni bila kibali, na sasa twaona kuwa sheria hiyo ina maana: inamlinda mnyama na mapenzi yetu kama vile inavyomlinda na mikuki yetu.

Kumlea mtu mwishowe ni kumwezesha aondoke. Wazazi wetu walitufungia masanduku wakatuleta bweni, wala si kwamba hawakutupenda. Mlezi mwema wa yatima wa mtoni hufanya vivyo hivyo. Siku ya furaha kwake ni ile ambayo fisi maji anaingia mtoni, anapiga mbizi, anaibuka mbali, na hageuki kumtazama.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja tofauti tatu kati ya fisi maji mwenye madoa shingoni na fisi maji asiye na kucha.
2. Kwa nini joto hutangulia chakula katika kumtunza mtoto aliyeokolewa?
3. Eleza kwa nini maziwa ya ng'ombe hayamfai.
4. Kifo cha Aisha kiliwafundisha nini walezi wa yatima?
5. Chora mgono, uonyeshe mahali ambapo kizuizi chaweza kutiwa.
6. Likizoni, mwulize mvuvi mmoja wa kwenu aonavyo fisi maji. Andika majibu yake, na yale usiyokubaliana nayo uyaandike pia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Masaki, Kisarawe.